Ghadhabu, Kimya na Neno la Uthabiti Nyumbani

Katika darasa yetu ya usiku wa Alkhamisi ilisomwa barua iliyotufikia kutoka Kaptagat, karibu na mji wa Eldoret. Aliyeiandika ni kijana wa kwetu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye biashara imempeleka bara pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka minne. Ametuomba tusimtaje jina, nasi hatumtaji. Aliyoyaeleza kwa ufupi ni haya. Alikuwa akimpelekea nduguye fedha kila mwisho wa mwezi bila ya kumwambia mkewe. Mke akayasikia kwa jirani. Hakumuuliza neno, alinyamaza. Akawa hupika chakula, akakiandaa, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Kimya hicho kiliendelea siku tatu. Siku ya nne yule bwana alishika sahani akaipiga ukutani, vigae vikaruka, na kimoja kikamkata mtoto mguuni. Barua yamalizika kwa maswali mawili: Je, si mke aliyeanza kwa kununa? Na mume akinyamaziwa katika nyumba yake mwenyewe, afanye nini?

Wenzetu walikhitilafiana pale pale. Mmoja alisema kununa ni uchokozi kama uchokozi mwingine. Wa pili akasema kuwa mwenye kuficha fedha ndiye aliyeufungua mlango wa fitina. Mzee mmoja, ambaye kwa desturi husinzia tukifika saa tatu, alifumbua macho akauliza: "Na mtoto je, mguu wake umepona?" Hapo ndipo tulipoona kuwa maswali haya yataka kuandikiwa somo, kwani si ya nyumba moja.

Wasiofika Kaptagat na wajue kuwa ni mahali pa msitu na baridi, juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,400. Dunia yapajua kwa sababu ya kambi ya wakimbiaji, alimofunzwa Eliud Kipchoge na mwalimu wake Patrick Sang kwa miaka mingi. Desturi ya kambi hiyo imekuwa kwamba wakimbiaji huingia Jumatatu, wakarejea kwa watu wao Jumamosi. Na bingwa aliyeshinda Olimpiki hufagia na kuosha vyombo kwa zamu kama aliyeingia jana. Kijana wetu aandika kuwa huwaona wakipita alfajiri katika ukungu, akajisemea: laiti ningelipewa subira kama hiyo! Maneno yake ni mazuri, lakini subira ya miguu ni kitu kimoja, na kuutawala mkono ndani ya nyumba ni kitu kingine. Nyanda hizo hizo za juu zimetuonyesha jambo hilo kwa namna ya kutisha.

Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, na mwezi wa Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1. Tarehe 13 Oktoba ya mwaka huo huo alikutwa nyumbani kwake Iten ameuawa kwa kuchomwa kisu, naye ana miaka 25. Mumewe alikamatwa siku ya pili yake huku kwetu, Changamwe, akashitakiwa, naye akakana mashitaka. Haukupita muda mrefu ila ikaja khabari ya Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli akatiwa moto nyumbani kwake Endebess, katika Trans Nzoia, akafa siku nne baadaye katika Hospitali ya Moi mjini Eldoret. Mwanamume aliyetajwa na polisi kuwa ndiye mtendaji, ambaye aliwahi kuishi naye, aliungua pia akafia hospitali hiyo hiyo. Yasemwa kuwa ugomvi wao ulikuwa juu ya kiwanja na nyumba iliyojengwa juu yake.

Asidhani msomaji wa pwani kuwa twayataja haya ili tuseme watu wa bara ni wakali nasi ni wapole. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2022 juu ya afya na maisha ya watu uliona kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 34 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimia miaka 15. Na katika wanaume 100, 27. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, na pwani imo. Mwezi wa Januari 2024 wanawake walipoandamana kulalamikia kuuawa kwa wenzao, waliandamana Nairobi na Mombasa pia.

Basi ghadhabu ni nini? Wanavyuoni wa kale hawakuihesabu kuwa ni uovu mtupu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja, na ghadhabu akaiweka katika maradhi ya nafsi yenye kutibika. Baada yake Miskawayh, aliyefariki 1030, na Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, waliipima ghadhabu kama mtu apimavyo dawa. Ikizidi, waliiita tahawwur, yaani kujitupa katika shari bila ya kufikiri. Ikipungua, waliiita jubn, yaani woga. Na iliyo baina ya hizo mbili ndiyo shajaa, ushujaa. Ghazali ameifananisha na mbwa wa mwindaji: akifunzwa hufuata amri ya bwana wake, na asipofunzwa humrukia bwana mwenyewe. Na Imamu Shafi yasimuliwa alimfananisha na punda yule achokozwaye asikasirike kabisa. Kwa hivyo wenye kudhani kuwa dini yamtaka mtu awe jiwe, wamekosea.

Tukiipima barua ya kijana wetu kwa mizani hiyo, sahani iliyovunjwa ni tahawwur, na hili halina mjadala. Lakini kimya cha siku tatu nacho si ushujaa. Chaweza kuwa ni woga, na chaweza kuwa ni silaha. Wote wawili waliikosa ile ya katikati.

Wataalamu wa nafsi wa zama za karibu wamefika penye mlango huo huo kwa njia nyingine. Andrew Salter wa New York mwaka 1949, na Joseph Wolpe, tabibu mzaliwa wa Afrika ya Kusini, mwaka 1958, waliandika juu ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hasa ni kutoweza kusema wanalolitaka wala kukataa wasilolitaka. Wolpe aliona kuwa woga na neno la haki havikai pamoja katika moyo mmoja kwa wakati mmoja. Basi akawazoeza wagonjwa wake kusema, kwa mambo madogo kwanza, mpaka woga ukapungua. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Alberti na Emmons, wakatoa kitabu kilichoyaeneza mafunzo hayo kwa watu wa kawaida. Walipambanua baina ya mwenye kukanyaga haki za watu, mwenye kuacha zake zikanyagwe, na mwenye kusimama na haki yake bila ya kuikanyaga ya mwenziwe. Huyu wa tatu ndiye tuliyemtafutia jina katika darasa. Wengine walitaka tumwite mkakamavu, lakini ukakamavu una harufu ya gwaride. Tukaafikiana tuiite khulka yake uthabiti.

Ama ukali watoka wapi? Mwaka 1939 John Dollard na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Yale walisema kuwa ukali huzaliwa pale mtu anapozuiliwa jambo alitakalo. Baadaye ilionekana kuwa hiyo ni nusu ya maneno, kwani wengi huzuiliwa wasimpige mtu. Nusu ya pili ilikuja na Albert Bandura wa Chuo cha Stanford. Katika jaribio lake la mwaka 1961 watoto wadogo walimtazama mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la mpira. Walipoachwa nalo baadaye, walilipiga kama walivyomwona yeye, na maneno yake wakayarudia. Hakuna aliyewaamrisha. Walitazama tu. Ndiyo maana swali la yule mzee wetu juu ya mguu wa mtoto halikuwa swali la usingizini. Mguu utapona kwa juma moja. Lakini mtoto yule amekwisha kuona ni nini afanyalo mtu mzima akinyamaziwa.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hulisema wakidhani ni hekima: kwamba mtu akivunja kitu au akipiga kelele, ameitoa hasira, naye hupoa. Mwaka 2002 Brad Bushman alitangaza jaribio alilowafanyia wanafunzi waliokwisha kukasirishwa. Baadhi yao walipewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiri aliyewaudhi. Wengine walikaa tu kimya dakika chache. Waliopiga mfuko ndio waliobaki na hasira zaidi. Hasira hulishwa kwa kutendewa kazi. Nasi tuliokwisha kufundishwa kuwa mwenye kughadhibika akiwa amesimama na akae, na kama haikumwondoka na alale, hatukuwa na haja ya kungoja mwaka 2002.

Sasa tuje kwenye kimya, kwani hapo ndipo penye ugonjwa wetu sisi wa pwani. Watu wa bara hutusifu kwa upole wa maneno, na kweli tuna elimu kubwa ya kutosema. Tuna mafumbo, tuna kupitisha neno kwa mtoto, ili mtu wa pili alisikie, tuna kanga. Mke hununua kanga kwa ajili ya jina lililoandikwa pindoni, akaivaa siku ambayo mume yupo nyumbani. Naye mume, maskini, huisifu rangi asisome maandishi! Haya yote yana uzuri wake, na fumbo limeziokoa nyumba nyingi na maneno yasiyorudi. Lakini fumbo lafaa kwa mwenye kutaka kulifumbua. Kwa asiyetaka huwa ni kisingizio, kwani aweza kuapa kuwa hakuambiwa kitu.

Mwanachuoni wa Marekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 akisikiliza mashauri ya mume na mke, akatoa kitabu mwaka 1998. Aliona kuwa desturi yetu yamtaka mwanamke avumilie, na mwanamume atamke. Hata hivyo wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na wengi katika hao walishinda. Yafaa tulifikiri jambo hili. Mwanamke aliyelelewa asiseme nyumbani alipata ulimi mbele ya Kadhi, tena akaonekana ana haki. Kwa nini basi neno lake la kwanza la wazi liwe ni mashitaka? Lingalisemwa jikoni miaka mitano kabla, huenda Kadhi asingelijua jina lake.

Wala kimya si cha wanawake peke yao. John Gottman, aliyewachunguza wake na waume wengi katika jimbo la Washington huko Marekani, aliona kuwa wenye kujifunga kama ukuta wakati wa mazungumzo walikuwa kwa sehemu kubwa ni wanaume. Aliwapima mapigo ya moyo akaona kuwa yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena aambiwalo, japo masikio yake ni mazima. Shauri lake ni kuacha maneno dakika 20 au zaidi, kisha kurudi. Na kurudi ndiyo sharti. Mwenye kuondoka asiseme lini atarudi, huyo amenuna tu, japokuwa atajidai amejizuilia.

Je, neno la uthabiti husemwaje? Yule mke wa Kaptagat angaliweza kusema: "Mume wangu, nimesikia kwa jirani kuwa wampelekea nduguyo fedha kila mwezi. Kulisikia nje kumeniuma. Sikukatazi kumsaidia, nataka mimi na wewe tulipange jambo hili kabla ya mwisho wa mwezi." Hapa pametajwa kitendo, likatajwa lililomuuma, likatajwa analolitaka na wakati wake. Hakuitwa mtu mwongo, hakutajwa mama wa mtu, wala haikufufuliwa khabari ya harusi ya mwaka juzi. Na mume, alipoona kimya siku ya kwanza, angaliweza kusema: "Mama, naona umekasirika, nami najua nimekuficha jambo. Niambie nitakusikiliza. Na kama hutaki sasa, niambie lini." Neno hili la mume ndilo gumu zaidi, kwani ndani yake mna kukiri. Sahani ni rakhisi kuliko kukiri.

Wala uthabiti si hila ya kupata kila utakalo. Mwenye kuomba kwa uthabiti hana budi kuwa tayari kuambiwa la. Bwana Mtume alimwombea Mughith kwa Barira, mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, ili arudi kwa mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kuwa ni maombi tu, alikataa, wala hakulaumiwa. Ni mangapi tuyaitayo maombi majumbani mwetu, ilhali mwenye kuyakataa hulipa kwa mwezi mzima?

Lakini hapa yapasa tuseme wazi, kwani somo hili likifundishwa nusu laweza kumdhuru mtu. Uthabiti ni dawa ya nyumba ambayo wawili wamegombana. Si dawa ya nyumba ambayo mmoja amemtia mwenziwe khofu. Palipo na kukabwa koo, na vitisho vya kuua, na kunyang'anywa fedha na simu, na kukatazwa kwenda kwa wazee, jumla nzuri ya maneno haizuii ngumi. Na wakati wa hatari zaidi ni ule anapotaka kuondoka. Rebecca Cheptegei hakukosa ulimi. Baba yake alieleza baada ya msiba kuwa walikwisha kulifikisha jambo lile kwa polisi kabla ya siku ya moto. Maneno yalisemwa, masikio ndiyo yaliyokosekana.

Kwa hivyo somo hili ni la wazee kama lilivyo la vijana. Khawla binti Thaalaba, mumewe alipomtamkia dhihari, hakukaa kitako akalia. Alikwenda kwa Mtume akajadili, akarudia kujadili, na kwa ajili yake ikashuka Sura ya 58, ambayo hata jina lake latokana na mjadala ule. Hakuambiwa: rudi ukavumilie. Sisi twamwambia hivyo kila binti anayekuja na alama shingoni, tena twaliita jibu hilo sitara. Na tumewafundisha wakaamini: katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014, wanawake 42 katika 100 walisema zipo sababu za mume kumpiga mkewe, na wanaume waliosema hivyo walikuwa 36. Wanaopigwa walikuwa na udhuru mwingi kwa wapigaji kuliko wapigaji wenyewe.

Tumeamrishwa kuweka waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, nao kazi yao ni kusikiliza pande zote mbili. Na pale wazee wanaposhindwa, ipo Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri za nyumbani, ambayo kwayo mahakama yaweza kumkataza mtu asimkaribie mwenziwe. Nayo haihesabu kipigo tu, bali na vitisho, na kumnyima mtu riziki yake. Kuna pia nambari ya simu 1195, isiyo na malipo, kwa mwenye kuhitaji msaada. Kuitumia nambari hiyo si kuiasi dini wala si kuivunja sitara ya mtu.

Tumemjibu kijana wetu kwamba kununa kwa mkewe kulikuwa kosa, na kuficha kwake fedha kulikuwa kosa lililotangulia, lakini mkono uliorusha sahani ulikuwa wake peke yake wala hakuna aliyeushika. Tumemwambia aanze na mtoto: ampakate, amwambie kwa kinywa chake kuwa baba alifanya vibaya. Kisha amfungulie mkewe daftari la mapato yote, si la nduguye tu. Na ikiwa mkono utamnyanyukia tena, asingoje kutuandikia. Aende kwa mjomba wa mkewe, ambaye twajua yupo Eldoret, ajisemee mwenyewe kabla hajasemewa.

Barua yake ya pili ilifika juzi. Daftari limefunguliwa. Mke amekubali fedha za nduguye ziendelee, ila zipungue mpaka ada ya chekechea ilipwe. Yeye amenunua sahani sita mpya, mkewe akamwambia kuwa moja ingalitosha. Kimya chake bado huja, aandika, lakini sasa hakipiti alasiri.